Rimoti ya ndege kwenye USB: kweli au uongo?

Anayejifunza kurusha ndege ya rimoti au droni huvunja panga nyingi kabla mikono haijazoea. Afadhali avunje za simuleta ya kompyuta, huku ameshika rimoti ileile atakayoipeleka uwanjani. Kinachokosekana hapo ni adapta ya USB, na adapta hiyo hutengenezeka nyumbani kwa Arduino, yaani bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu. Maneno yanayosemwa juu yake ni mengi.

"Lazima uifungue rimoti."
Uongo. Rimoti nyingi zina tundu la mafunzo, lililowekwa ili ya mwalimu na ya mwanafunzi ziungwe kwa waya. FlySky FS-i6 ina tundu la duara lenye pini 4. FrSky Taranis inapokea jeki ya milimita 3.5 kama ya hedifoni. Unahitaji waya wa ishara na waya wa hasi, basi.

"Ishara ya tundu hilo ni siri ya kila kampuni."
Uongo kwa sehemu kubwa. Mfumo unaotumika sana huitwa PPM, na unachopima ni muda tu. Kila chaneli hupewa takriban mikrosekunde 1000 hadi 2000, kijiti kikiwa katikati ni 1500. Zikiisha chaneli 8 hufuata kimya kirefu kuonyesha kwamba hesabu inaanza upya, na mzunguko mzima huchukua kama milisekunde 22.5. Zinazotofautiana ni mpangilio wa chaneli na mwelekeo wa ishara, mambo ambayo programu hurekebisha.

"Arduino yoyote inafaa."
Uongo, na hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Kompyuta inatakiwa iione adapta kama kifaa cha kuchezea michezo. Bodi za Leonardo na Pro Micro zinaliweza hilo moja kwa moja, kwa kuwa chipu yao ya ATmega32U4 inazungumza USB yenyewe. Uno hutegemea chipu ya pili kuwasiliana na kompyuta. Katika Uno R3 halisi ni ATmega16U2, ambayo unaweza kuiwekea programu nyingine ukiwa na subira. Lakini Nano nyingi za bei nafuu zina CH340, na hiyo haibadiliki. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, soma maandishi yaliyo juu ya chipu.

"Utatafuta draiva usiku kucha."
Uongo. Vifaa vya aina hii Windows, Linux na macOS huvitambua bila draiva.

"Ya nyumbani haiwezi kuwa sahihi kama ya dukani."
Inategemea aliyeandika programu. Kwenye bodi ya megahezi 16, amri ya micros() inahesabu kwa kuruka mikrosekunde 4, hivyo safari nzima ya kijiti inapata hatua 250 tu. Ukiitumia vizuri Timer1, saa iliyo ndani ya chipu, kila hatua inakuwa nusu mikrosekunde: hatua 2000 kwa kijiti kilekile, kwa bei ileile.

"Inachelewesha mkono."
Kweli, ila usiilaumu adapta. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ni ule mzunguko wa PPM. USB ya bodi kama Leonardo inaweza kuongeza milisekunde moja tu.

"Waya mtupu kwenye tundu la maikrofoni unatosha."
Kweli, ingawa inasikika kama porojo. Programu ya SmartPropoPlus ya Windows husoma PPM kupitia kadi ya sauti. Ila kadi inayochukua sampuli 44,100 kwa sekunde hupima kila baada ya mikrosekunde 23 hivi, kwa hiyo usahihi unapungua. Kwa kuanzia inatosha.

"Umeme wa USB uipe na rimoti, uokoe betri."
Uongo, tena wa hatari. Waya wa volti 5 usiuunganishe kabisa na tundu la mafunzo. Hata waya wa ishara, uwekee rezista kwanza, maana volti za tundu hilo hazilingani katika rimoti zote.

Kabla hujanunua chochote, angalia rimoti yako inatumia programu gani. Zenye OpenTX au EdgeTX na tundu la USB kwa kawaida hujigeuza zenyewe kuwa kifaa cha kuchezea michezo: chomeka waya, chagua joystick kwenye menyu, na uanze kuruka.