Kusadikika kwa Yasiyowezekana: Sheria za Ndani katika Filamu za Mashujaa



Shaaban Robert alipobuni nchi inayoelea angani, aliipa jina la Kusadikika. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1951, na tangu hapo wahakiki wengi wamelichukulia jina hilo kuwa kejeli: nchi isiyowezekana inaitwa ya kusadikika. Kejeli imo, sikatai. Hata hivyo, naona kwamba jina hilo ni pia dai la kifani. Mwandishi hatuombi tuamini kuwa nchi ile ipo. Anatuomba tukubali kwamba, ikiwa ipo, basi ina watawala, mashtaka na wajumbe waliotumwa pande sita, na kwamba mambo hayo yanafuatana kwa mantiki yake yenyewe. Sijakutana na msomaji aliyekifunga kitabu kile kwa kulalamika kwamba nchi haiwezi kuning'inia angani. Kinachotukasirisha ni dhuluma anayotendewa Karama.

Leo nakusudia kulijadili jambo hilo kupitia utanzu ambao baadhi yenu mtashangaa kuusikia katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili, yaani misururu ya filamu za Kimarekani kuhusu mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Sababu yangu ni ya kikazi. Katika kusahihisha insha za wanafunzi nimekutana mara nyingi na hukumu kwamba filamu hizi hazifai kuhakikiwa kwa kuwa hazina uhalisia. Mtu haruki kama ndege. Mwanafunzi huyohuyo, kurasa mbili mbele, humsifu Fumo Liyongo bila wasiwasi wowote. Ni lazima mojawapo ya mizani hizo mbili iwe mbovu.

Ubovu unatokana na kuchanganya dhana mbili. Uhalisia ni uhusiano wa kazi ya sanaa na ulimwengu tunaoishi. Usadikifu ni uhusiano wa kazi hiyo na nafsi yake: je, inazitii sheria ilizojiwekea? Aristotle alikwisha kuligusa suala hili aliposhauri kwamba mtunzi ni heri achague lisilowezekana lakini linashawishi, kuliko linalowezekana lakini halishawishi. Coleridge, mwaka 1817, alimtwika msomaji mzigo huo, akisema ni yeye anayekubali kwa hiari yake kuiweka kando shaka. Tolkien, katika mhadhara alioutoa Scotland mwaka 1939, aliupinga mtazamo huo. Kwake yeye, mtunzi mzuri huumba ulimwengu wa pili, na aliyemo ndani yake huamini kweli. Shaka ikishazuka, uganga umekwisha kuvunjika, na hiari ya msomaji haiwezi kuurudisha. Mimi nasimama na Tolkien, kwa sababu maoni yake yanatuwezesha kuuliza swali lenye jibu: shaka ilizuka wapi hasa, na kwa nini?

Turejee kwa Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa huyu hutembea kwa siku moja mwendo wa siku nne, na mkobani mwake hutoa vitu ambavyo mkoba hauwezi kuvibeba, kikiwemo kinu na jiwe la kusagia. Hadhira haiulizi mkoba ule ulishonwa na nani. Lakini utendi unaweka sharti moja: mkuki na mshale havimuui, kinachomuua ni shaba ichomwayo kitovuni. Sharti likishatajwa, mtunzi hana ruhusa ya kulikwepa. Mwana anatumwa kuidadisi siri ya baba yake. Baba anatambua hila iliyomo, na anaitoa siri hata hivyo. Shaba inaingia kitovuni. Liyongo anakwenda kisimani, anapiga magoti na upinde wake, anafia hapo, na watu wa mji wanakosa maji kwa kumwogopa maiti. Nguvu zile zote za ajabu zimegeuka kuwa kiu ya mji mzima. Huo ndio usadikifu: ajabu ina mpaka, na mpaka ukifikiwa, kuna watu wanaolipa.

Superman alianza akiwa na mipaka ya namna hiyo. Katika Action Comics ya 1938 hakuwa akiruka angani. Alikuwa akichupa, na umbali ulitajwa waziwazi, kiasi cha mita 200. Kuruka kulikuja baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1940. Kadiri nguvu zilivyoongezeka ndivyo watunzi walivyokosa la kumfanya, maana asiyeweza kuumizwa hana kisa. Ndipo mwaka 1943, katika mchezo wa redio, lilipoingizwa jiwe la kryptonite linalomdhoofisha. Jiwe hilo ni shaba ya Liyongo kwa jina jingine. Lilihitajiwa na masimulizi yenyewe, kwa kuwa bila kitu cha kumwangusha shujaa, mtazamaji hakuwa na cha kuhofia.

Filamu ya Richard Donner ya mwaka 1978 ilimrusha Christopher Reeve angani, na watu wakasadiki. Kilichoitia ufa filamu hiyo ni mwisho wake. Lois Lane anafukiwa na tetemeko la ardhi, anakufa. Superman anaizunguka dunia kwa kasi hadi wakati unarudi nyuma, na mpenzi wake yu hai tena. Watetezi husema kwamba filamu ilikwisha kulitayarisha tendo hilo, kwa sababu baba yake, Jor-El, alimkataza kuingilia historia ya binadamu. Ni kweli, katazo lilitajwa. Lakini adhabu ya kulivunja haionekani mahali popote. Zaidi ya hayo, tangu dakika ile kila maafa katika msururu ule yana swali lisilojibika: mbona harudishi wakati tena?

Kwa hiyo tusidhani kwamba filamu yenye mambo machache ya ajabu huwa salama zaidi. Christopher Nolan, katika filamu zake tatu za Batman za 2005 hadi 2012, aliahidi ulimwengu unaokaribia wetu: gari lina fundi wake, vazi lina kiwanda chake. Ahadi hiyo ilimfunga. Katika filamu ya tatu Bruce Wayne amefilisika, mgongo wake umeteguliwa, naye amefungwa shimoni katika nchi ya mbali. Anaponywa kwa ngumi na kamba, anapanda shimo, kisha anatokea Gotham, mji ambao njia zake zimefungwa. Alifikaje? Katika filamu ya Superman swali hilo lisingeulizwa. Hapa linaulizwa kwa sababu Nolan mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuuliza.

Sasa niende kwenye kisa kikubwa zaidi, yaani ulimwengu wa filamu za Marvel ulioanza na Iron Man mwaka 2008. Upekee wake ni kwamba filamu nyingi, zenye waongozaji tofauti, zinadai kutokea katika dunia moja. Kufikia Avengers: Endgame ya mwaka 2019 zilikuwa 22. Dai hilo la dunia moja ndilo linalozipa uzito, na ndilo linaloziponza. Mtunzi wa filamu moja hujibu kwa ajili ya yake. Mtunzi wa filamu ya ishirini hurithi ahadi za wenzake kumi na tisa.

Wakati mwingine deni hilo lililipwa vizuri. Mwaka 2015 mashujaa waliuangamiza mji katika nchi ya kubuni ya Sokovia. Filamu nyingine zingeusahau. Badala yake, Captain America: Civil War ya 2016 ililifanya kaburi la Sokovia kuwa chanzo cha mkataba wa nchi 117 uliotaka mashujaa wawekwe chini ya usimamizi, na mkataba huo ukavunja undugu wao. Hapo dunia ya kubuni ilikuwa na kumbukumbu. Lakini mkataba uleule ulikuja kuzikwa mwaka 2022 ndani ya tamthilia ya televisheni ya vichekesho, kwa mhusika mmoja kudokeza tu kwamba umekwisha kufutwa. Nani aliufuta, na kwa hoja gani? Hatukuambiwa.

Mfano wa pili unatuhusu kwa jirani. Katika Eternals ya mwaka 2021, kiumbe mkubwa mno aliyelala ndani ya sayari anaanza kuchomoza kutoka Bahari ya Hindi, anageuzwa jiwe, na kichwa na mkono wake vinabaki vimesimama majini. Kwa zaidi ya miaka mitatu filamu zilizofuata zilipita kimya, kana kwamba si kitu. Mvuvi yeyote wa pwani yetu angejua kwamba kisiwa kipya hubadili mikondo, samaki na mipaka ya mataifa. Mwaka 2025 tu, katika Captain America: Brave New World, ndipo serikali zilipoanza kugombea madini yaliyomo. Mgogoro huo unasadikika kabisa, pengine kuliko jambo lolote katika Eternals yenyewe. Kasoro ni kwamba ulichelewa.

Endgame, kwa upande wake, iliogopa makosa ya Superman ya 1978, ikajitungia sheria ya safari za wakati: kuyabadili yaliyopita hakubadili sasa ya msafiri, huzaa tawi jingine. Sheria ni nzuri, maana inazuia maiti kufufuliwa kwa kurudi nyuma na kumwahi muuaji. Kisha, dakika za mwisho, Steve Rogers anakwenda zamani kuyarudisha mawe, anaamua kuishi huko na mpenzi wake, na anaonekana akiwa mzee, ameketi kwenye benchi karibu na rafiki zake. Aliishi katika tawi jingine, au alikuwa humuhumu miaka yote? Waongozaji, ndugu Russo, walisema tawi jingine. Waandishi wa mswada, Markus na McFeely, walisema humuhumu. Inapofika mahali watunzi wenyewe hawakubaliani juu ya sheria ya ulimwengu wao, mhakiki hana budi kuandika kwamba sheria haikuwekwa.

Lakini kwangu si hapo penye jeraha kubwa. Jeraha ni miaka mitano. Nusu ya viumbe walitoweka mwaka 2018 wa filamu, wakarejeshwa baada ya miaka mitano bila kuzeeka hata siku moja. Hebu fikirini mirathi, ndoa, nyumba zilizouzwa, eda iliyokwisha na mume akarudi! Filamu iliyofuata, Spider-Man: Far From Home, iliyageuza haya kuwa mzaha wa wanafunzi wanaorudi ghafla katikati ya mchezo wa mpira wa kikapu. Ni tamthilia ya televisheni ya 2021, The Falcon and the Winter Soldier, iliyothubutu kuuliza habari za watu waliohamia katika nchi na nyumba za waliotoweka, kisha wakatakiwa kuondoka. Swali hilo lingestahili filamu kumi.

Siwezi kumaliza bila kuingia shambani mwetu, yaani lugha. Ramani zionekanazo katika filamu huiweka nchi ya Wakanda mashariki mwa Afrika, na watu wake husema Kixhosa. Chanzo ni cha nje ya kisa: John Kani wa Afrika Kusini, aliyeigiza Mfalme T'Chaka mwaka 2016, alikitumia Kixhosa, lugha yake ya kwanza. Wanaisimu watauliza Kinguni kilifikaje huku. Wasiegemee vidoko, maana Kihadza, Kisandawe na Kidahalo vinavyo, navyo ni vya Afrika Mashariki. Msamiati na mofolojia ndivyo vinavyohitaji historia ya uhamaji ambayo filamu haikutupa. Kwa mizani ya uhalisia, basi, kuna kosa. Kwa mizani ya usadikifu, Black Panther ya 2018 ilifanya kazi nzuri: iliishika lugha ileile na kuipa wajibu. Killmonger, aliyekulia Oakland, anasimama mbele ya baraza la Wakanda na kujitaja kwa Kixhosa kuwa mwana wa N'Jobu. Lugha ndiyo hati yake ya uraia, na wazee hawawezi kuikana.

Katika filamu hiyohiyo Killmonger anaamuru kuchomwa kwa bustani ya mimea inayowapa wafalme nguvu. Mwaka 2018 tendo hilo lilionekana kuwa ukatili wa muda tu wa mnyang'anyi wa kiti. Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, alifariki mwaka 2020, na watengenezaji hawakumweka mwigizaji mwingine mahali pake. Wakanda Forever ya 2022 ilibidi ieleze jinsi mfalme wa nchi yenye tiba kupita zote duniani anavyoweza kufa kwa maradhi. Haikubuni sumu mpya wala adui mpya. Inafungua na Shuri akiwa maabara, akijaribu kuutengeneza upya mmea ambao ungeweza kumponya kaka yake, mmea uliogeuka majivu filamu moja nyuma. Jaribio linashindikana. Mama yake anaingia kumpa habari, na watu wa Wakanda wanavaa nyeupe kwa mazishi.