Kutoka Matini Tupu hadi Matini Yenye Muundo: Nyaraka za Linux na Kazi ya Mwekaji Alama

Kila programu ya tarakilishi huambatana na maandishi ya kuieleza: namna ya kuisakinisha, amri inazozitambua, hitilafu zinazoweza kutokea na jinsi ya kuzirekebisha. Maandishi hayo ndiyo yanayoitwa nyaraka za programu. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya nyaraka hizo iliandikwa katika matini tupu, yaani faili zenye herufi, tarakimu, nafasi na alama za uakifishaji pekee, pasipo wino mzito, italiki wala rangi. Makala haya yanaeleza kinachotukia matini ya namna hiyo inapogeuzwa kuwa matini yenye muundo, kwa kurejelea nyaraka za kiini cha Linux. Suala hili li karibu na taaluma ya lugha kuliko jina lake linavyodokeza. Anayegeuza matini hulazimika kuamua kila kipande cha maandishi ni nini hasa, na uamuzi huo ndio utakaomfaa au kumkwaza mfasiri atakayekuja baadaye, akiwemo mfasiri wa Kiswahili.

Sura na Dhima

Kabla ya tarakilishi, mhariri wa kitabu aliandika pembezoni mwa mswada maelekezo ya kumwongoza mpiga chapa: hiki ni kichwa, hapa pawe na italiki, aya hii isogezwe ndani. Tarakilishi zilipoanza kutumiwa kuandaa vitabu, maelekezo hayo yaliingizwa ndani ya matini yenyewe. Mnamo mwaka 1969 Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya IBM, walianza kubuni lugha ya alama iliyoitwa GML. Kutokana nayo ilizuka SGML, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na baadaye XML mwaka 1998. Wazo kuu katika ukoo huu wa lugha ni kwamba alama itaje dhima ya kipashio, si sura yake.

Tofauti hiyo ni muhimu. Katika makala ya kawaida ya isimu ya Kiswahili, italiki hutumika kuonyesha jina la kitabu, neno la kigeni, mfano wa lugha unaochanganuliwa, na pengine msisitizo. Sura ni moja ilhali dhima ni nne. Msomaji hutofautisha dhima hizo kwa maarifa aliyo nayo. Tarakilishi haina maarifa hayo. Ikiombwa itoe orodha ya vitabu vyote vilivyotajwa katika makala, haina pa kuanzia.

Isidhaniwe kwamba matini tupu haina muundo. Mwandishi huacha mstari mtupu kati ya aya na aya, hupiga vistari chini ya kichwa, huanza kila kipengele cha orodha kwa nyota, na husogeza ndani mifano ya msimbo. Muundo upo, ila umo katika jicho la msomaji. Tatizo ni kwamba kila mwandishi ana mazoea yake: mmoja hutumia nyota, wa pili kistari, wa tatu nambari na mabano.

Mfano wa Linux

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na kiini chake hutungwa na maelfu ya watu kutoka pande zote za dunia. Nyaraka zake zilikua vivyo hivyo, kila kundi likiandika lilivyopenda. Faili nyingi zilikuwa za matini tupu. Chache ziliandikwa kwa DocBook, lugha ya alama iliyoanza mwaka 1991 na ambayo hatimaye iliegemea XML. Maelezo mengine yalikuwa ndani ya msimbo wenyewe, yakichopolewa kwa programu maalumu. DocBook haikupendwa na watunzi wengi. Kila aya ilihitaji alama ya kufungua na ya kufunga, na mtu aliyetaka kusahihisha sentensi moja alikumbana kwanza na msitu wa alama.

Mwaka 2016, baada ya mjadala ambamo lugha ya AsciiDoc pia ilifikiriwa, uamuzi uliangukia reStructuredText pamoja na programu ya Sphinx. Lugha hiyo ilibuniwa na David Goodger mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo Sphinx ilitolewa na Georg Brandl mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python. Jani Nikula alifanya sehemu kubwa ya kazi ya kiufundi, naye Jonathan Corbet alikuwa msimamizi wa nyaraka. Utaratibu mpya uliingia katika toleo la 4.8, lililotolewa Oktoba 2016. Kazi ndefu ya kugeuza faili za matini tupu ilifuata, na hapa Mauro Carvalho Chehab anastahili kutajwa, kwani katika mwaka 2019 na 2020 aligeuza mamia ya faili.

Waliopinga hawakuwa na hoja dhaifu. Walisema kwamba faili ya matini tupu husomeka popote, hata katika tarakilishi iliyoharibika isiyoweza kufungua kitu kingine. Kwa nini basi kuitia alama zitakazomsumbua macho yule anayeihitaji zaidi? Jibu lililokubalika lilikuwa la kadiri: alama ziwe chache, na faili iendelee kusomeka bila kupitishwa katika programu yoyote. Mwongozo wa nyaraka hizo huwaonya waandishi wasizidishe alama. Mwaka 2019 Corbet aliongeza programu ndogo inayotambua yenyewe jina la kitendaji linalofuatwa na mabano na kuliunganisha na maelezo yake, ili mwandishi asilazimike kuliwekea alama. Huu ulikuwa uamuzi wa busara, maana lugha ya alama inayomchosha mwandishi huachwa, kama ilivyoachwa DocBook.

Mitego ya Ugeuzaji

Mtu anaweza kudhani kwamba kugeuza matini tupu ni kazi ya kuiachia mashine. Sehemu yake ni hivyo: vistari vya chini ya vichwa vinaweza kurefushwa kwa programu, na nambari za orodha kupangwa upya. Lakini matini iliyoandikwa bila kufikiria mashine hujaa alama ambazo lugha mpya huzipa maana nyingine. Katika lugha ya C nyota hutangulia jina la kielekezi. Katika reStructuredText nyota hufungua msisitizo. Kichanganuzi kinapoiona nyota hiyo hulalamika kwamba msisitizo umefunguliwa na haujafungwa. Jina linaloishia kwa kistari cha chini huchukuliwa kuwa kiungo kinachoelekeza mahali pasipojulikana. Vistari viwili mfululizo, ambavyo hutangulia chaguo nyingi za amri, Sphinx huviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu isipoelekezwa vinginevyo. Msomaji anayenakili amri hiyo kutoka kwenye ukurasa hupata amri isiyotambulika, wala haoni kilichoharibika.

Mtego mkubwa zaidi ni nafasi tupu. Mistari iliyosogezwa ndani katika faili ya zamani yaweza kuwa mfano wa msimbo, nukuu, mwendelezo wa kipengele cha orodha, au desturi tu ya mwandishi aliyependa ukingo mpana. Ikiachwa ilivyo, mistari hiyo huhesabiwa kuwa nukuu na kuunganishwa kuwa aya moja, hata kama ilikuwa msimbo ambao kila mstari wake una nafasi yake. Tiba ni nyepesi: sentensi inayotangulia mfano huishia kwa nukta pacha, ikirudiwa mara mbili, mistari inayofuata huhifadhiwa kama ilivyoandikwa. Herufi moja huokoa mfano mzima. Lakini nani ataamua kwamba huo ni mfano? Ni lazima mtu asome, na asome kwa kuelewa.

Mwanafunzi wa ushairi ataliona jambo hili mara moja. Shairi la tarbia likipigwa chapa katika matini tupu, mishororo yake hutengwa kwa kushuka mstari. Likipitishwa katika kichanganuzi bila alama, kila ubeti hugeuka aya ya nathari, na vina vya kati na vya mwisho hupotea machoni pa msomaji ijapokuwa hakuna neno lililofutwa. Lugha ya reStructuredText ina alama ya kuzuia hasara hiyo: kila mshororo hutanguliwa na mstari wima mfupi. Waliobuni lugha hiyo walikuwa wakifikiria pia anwani na beti, si nyaraka za programu pekee.

Mfasiri Ananufaikaje?

Mnamo mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye kiolesura cha Kiswahili. Kilichofasiriwa hapo hasa ni menyu na ujumbe wa kwenye skrini. Sababu moja ya kazi hiyo kuwezekana ni kwamba ujumbe wa namna hiyo huhifadhiwa katika faili zenye muundo: kila kifungu kimetengwa na msimbo, na mfasiri huona asili na mahali pa kuandika tafsiri. Nyaraka ndefu za matini tupu hazina utengano huo.

Chukua sentensi inayomwagiza msomaji atumie kill, free au make. Katika mifumo ya jamii ya Unix hizi ni amri: ya kwanza hutuma ishara kwa programu inayotenda kazi, ya pili huonyesha hali ya kumbukumbu, ya tatu huunda programu kutokana na msimbo. Ni maneno ya kawaida ya Kiingereza vilevile. Mfasiri asiye na alama ya kumwongoza anaweza kuandika “ua”, na msomaji wake atachapa neno ambalo tarakilishi hailijui. Amri ikiwekewa alama yake, swali hilo halizuki.

Tangu mwaka 2011 Sphinx imeweza kuigawa nyaraka katika vifungu, kila aya peke yake, na kumpa mfasiri faili ya kujaza. Asili ikibadilika, tafsiri ya aya husika huwekewa alama ya shaka huku nyingine zikibaki. Nyaraka za Python hufasiriwa kwa njia hii katika Kifaransa, Kijapani na Kikorea, miongoni mwa lugha nyingine. Nyaraka za Linux zina utaratibu tofauti, wa faili kamili kwa kila lugha. Zimo za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo.

Atakayeanza kazi hiyo atakutana na tatizo ambalo lugha hizo hazikulipata kwa kiwango hiki. Kiungo katika Sphinx huweza kuchota kichwa cha sehemu nyingine na kukiingiza katikati ya sentensi. Kichwa kikiwa “Vifaa vya Sauti”, kitenzi kitataka “vinaeleza” au “inaeleza”? Na mwandishi akikibadilisha kesho kuwa “Usakinishaji”, upatanisho wa kisarufi utavunjika katika kila ukurasa unaokirejelea, bila onyo lolote. Njia salama ni kutanguliza nomino itakayotawala upatanisho, kwa mfano “sehemu ya” au “sura ya”, ili kitenzi kifuate ngeli ya nomino hiyo, kichwa kiwe chochote kile. Desturi hii inafaa kuanza mapema, wakati matini bado inageuzwa, kuliko kungoja hadi viungo vifikie mamia.