Kovu la Nancy Wexler na damu ya Maracaibo

Ugonjwa wa Huntington hurithiwa bila huruma. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuupata. Mara nyingi mtu huishi na afya njema hadi miaka ya thelathini au arobaini, akaoa au kuolewa, akazaa. Kisha vidole vinaanza kuchezacheza vyenyewe, mwendo unayumba, hasira zinapanda bila sababu, kumbukumbu inapotea. Mwisho wake ni kifo, baada ya miaka mingi ya kuuguzwa na watoto ambao kila siku wanajitazama vidole vyao. Daktari George Huntington wa Marekani aliueleza mwaka 1872.

Kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, katika vijiji vya wavuvi kama Barranquitas na Lagunetas, umeenea kuliko mahali pengine popote panapojulikana. Wenyeji huuita el mal. Daktari Américo Negrette aliutambua huko miaka ya 1950, baada ya kuona watu wakipepesuka barabarani na kudhani ni walevi.

Mwaka 1979 alifika mwanasaikolojia Nancy Wexler kutoka Marekani. Mama yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa huohuo mwaka uliotangulia, kwa hiyo yeye na dada yake Alice nao walikuwa kwenye ile asilimia 50. Kuanzia 1981 alirudi kila mwaka na timu yake, akikusanya damu, vipande vidogo vya ngozi na majina ya mababu.

Watu wa ziwani hawakuwa wajinga. Walitaka kujua kwa nini damu itoke kwao tu, na kama Wamarekani nao huugua hivi. Wexler amelisimulia mara nyingi lililofuata. Aliwaeleza habari za mama yake, na kwamba yeye mwenyewe alishakatwa ngozi kwa ajili ya utafiti uleule. Wengine hawakusadiki. Ndipo Fidela Gómez, muuguzi mzaliwa wa Argentina aliyekuwa kwenye timu, alipomshika mkono, akauinua juu na kumzungusha kwa mtu mmoja mmoja, akiwaonyesha kovu dogo: tazameni, naye ana alama. Kuanzia hapo Wexler alihesabiwa kuwa ndugu. Watu walinyoosha mikono. Hakuna karatasi ya ridhaa ambayo ingeweza kufanya kazi ya kovu lile.

Nasaba waliyoichora ilifikia watu zaidi ya 18,000 wa vizazi 10, na sampuli za damu zilikaribia 4,000. Damu hiyo ilipelekwa Boston kwa James Gusella, ambaye mwaka 1983 alionyesha kwamba jeni inayotafutwa iko kwenye kromosomu ya 4. Kuipata jeni yenyewe kulichukua miaka mingine kumi, hadi 1993.

Kasoro yake inahesabika. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu za DNA, C, A na G, hujirudia. Mwenye marudio yasiyozidi 26 yuko salama. Mwenye 40 au zaidi ataugua akijaliwa umri wa kutosha. Lakini ikiwa mtu huzaliwa na kasoro hiyo, kwa nini ubongo ungoje miaka 40? Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 umetoa jibu zito: ndani ya baadhi ya seli za ubongo marudio huendelea kurefuka polepole maisha yote, na seli huanza kuharibika yakishapita takriban 150. Kama ni hivyo, dawa ya kuzuia urefukaji huo ingeweza kutolewa miaka mingi kabla ya kidole cha kwanza kucheza.

Kwa upande wa tiba, waliokata tamaa wana haki yao. Tetrabenazini hutuliza mitikisiko tu. Majaribio makubwa ya tominersen, dawa ya kupunguza huntingtini, protini inayotengenezwa na jeni ya ugonjwa huu, yalisimamishwa Machi 2021. Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza kwamba tiba yake ya jeni, AMT-130, imepunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka mitatu. Habari njema, ila waliopewa kipimo kikubwa na kufuatiliwa muda huo wote walikuwa 12 tu, na walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine wasiokuwa ndani ya jaribio hilo.

Wexler alichagua kutopima jeni ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuipata. Mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 74, alitangaza hadharani kwamba anaugua.

AMT-130 huingizwa ndani kabisa ya ubongo kwa upasuaji wa saa nyingi, na hospitali zenye uwezo huo ni chache hata katika nchi tajiri. Iwapo itaidhinishwa, ni nani atakayemlipia mjukuu wa mvuvi wa Barranquitas, ambaye damu ya babu yake ilifungua njia yote hii?