Mkupuo, Pensheni na Matibabu: Hesabu za Anayekaribia Kustaafu

Tarehe 28 Desemba 2018, Rais John Magufuli alikutana Ikulu, Dar es Salaam, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wakuu wa mifuko ya hifadhi ya jamii. Ajenda ilikuwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Kanuni mpya zilikuwa zimeshusha mkupuo, yaani malipo ya mara moja, wa watumishi wengi wa umma kutoka nusu ya mafao hadi robo, na walimu, wauguzi na askari waliobakiza miezi michache kazini walikuwa wakipiga hesabu upya kwa hofu. Rais alisitisha kanuni hizo na kuagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023.

Kikokotoo kipya kilirudi kabla ya hapo, Julai 1, 2022, safari hii mkupuo ukiwa asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikaongeza tena: asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu, na asilimia 35 kwa lililokuwa likipata robo. Miaka yote hiyo mjadala umekuwa juu ya mkupuo. Lakini maisha ya mstaafu huamuliwa zaidi na mambo mawili yasiyozungumzwa sana: kiasi kinachoingia kila mwezi, na nani anayelipa hospitali.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mfuko huchukua wastani wa mishahara ya mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, huuzidisha kwa idadi ya miezi ya kuchangia, kisha hugawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa miezi 12, na mstaafu huipokea maisha yake yote. Anayeingia kwenye hesabu hii ni yule aliyechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Mfano ni mtumishi aliyechangia miaka 30 na ambaye wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ni kama shilingi 7,448,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 40, mkupuo unakuwa takriban shilingi milioni 37.2 na pensheni ya mwezi shilingi 372,000. Kwa kikokotoo cha zamani cha watumishi wa umma, kilichogawa kwa 540, kuzidisha kwa 15.5 na kutoa nusu, angeondoka na milioni 62 na kupokea shilingi 333,000 kila mwezi. Ndiyo maana hasira za 2018 zilikuwa kubwa. Mtu aliyekwisha kupanga kumalizia nyumba na kununua pikipiki mbili za bodaboda aliona karibu milioni 39 zikitoweka kwenye karatasi, kwa kuwa robo ya wakati huo ingempa milioni 23 tu.

Namba 12.5 ina maana yake. Ni miaka. Kwa kutoa mkupuo, mfuko humlipa mstaafu mapema pensheni ya miaka 12 na nusu kwa ile sehemu iliyokatwa. Anayestaafu akiwa na miaka 60 na kuvuka 72 na nusu ameingia kwenye umri ambao kila shilingi iliyobaki kwenye pensheni ya mwezi humfaa kuliko iliyokwisha kutumika. Wapo wengi wanaofika huko, na huko ndiko gharama za dawa huanza kupanda.

Kisha linakuja swali la lini. Sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55, na kwa watumishi wengi lazima ni 60. Mtumishi wa mfano wetu akiondoka na miaka 55 na kwa mshahara uleule, atakuwa na miezi 300 badala ya 360: mkupuo wa takriban milioni 31 na pensheni ya shilingi 310,000. Tofauti ya shilingi 62,000 kwa mwezi inaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliyechoka, lakini ni tofauti ya maisha yote, na miaka mitano ya mshahara nayo imeondoka. Aidha, anayesubiri kupandishwa daraja akiondoka mapema huiacha nje ya hesabu ile mishahara mikubwa ambayo ingekuwa miaka yake mitatu bora. Kuondoka na miaka 55 kunamfaa mwenye shughuli nyingine ambayo tayari inaingiza pesa, au ambaye mwili umekataa kazi.

Kwenye matibabu, wastaafu hawako sawa. Waliochangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kutoa huduma 2001 kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, huendelea kutibiwa pamoja na wenza wao bila kudaiwa mchango tena, wakitimiza masharti. Watoto hawamo. Mwenye mtoto kidato cha pili siku anapofikisha miaka 60 anapaswa kumtafutia bima yake. Mfanyakazi wa kampuni binafsi aliyekatiwa bima na mwajiri hali yake ni ngumu zaidi, kwa sababu kadi hiyo hukoma pamoja na ajira, wakati presha na sukari ndiyo kwanza zinaanza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitaka wazee wasio na uwezo watibiwe bure, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Hata hivyo, dawa isipokuwepo dirishani, mzee huelekezwa duka la dawa la nje, na huko hulipa kwa fedha yake. Mnamo Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Kwa anayekaribia kustaafu, busara ni kuuliza ofisi za bima masharti yake angalau miaka miwili kabla, na kutenga sehemu ya mkupuo kwa ajili ya matibabu peke yake.

Fedha inayobaki ina maadui wengi. Mwaka 2009 mpango wa upatu wa DECI ulianguka na akiba za maelfu ya Watanzania waliokuwa wameambiwa wapande mbegu wavune maradufu. Leo majina yamebadilika, ahadi ni zilezile. Upande wa pili kuna mikopo ya kausha damu, ambayo mkopeshaji hushika kadi ya benki ya mstaafu na kuchota pensheni kabla mwenyewe hajaiona.

Njia zilizo salama zaidi hazina kelele. Benki Kuu huuza hati fungani za serikali zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka. UTT AMIS, kampuni ya serikali, ina Mfuko wa Ukwasi, ambao mwekezaji huweza kutoa fedha yake ndani ya siku chache, na Mfuko wa Hati Fungani, unaoweza kumlipa gawio kila mwezi. Mstaafu anayeanza kufuga kuku au kufungua duka la jumla kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 anajifunza kwa mtaji asioweza kuupata tena. Biashara hiyo ingejaribiwa kwa kiasi kidogo akiwa na miaka 52, mshahara ukiwa bado unaingia.

Jambo la kufanya kabla ya yote ni kuomba taarifa ya michango kwenye mfuko wako, PSSSF kwa watumishi wa umma au NSSF kwa sekta binafsi. Wapo waajiri wanaokata wafanyakazi bila kuwasilisha. Kwa mtumishi wa mfano wetu, michango ya mwaka mmoja ikikosekana, pensheni kamili hupungua kwa karibu shilingi 248,000 kila mwaka. Hati za mishahara na barua ya ajira ndizo ushahidi, na kudai haki hiyo ni rahisi zaidi mtu akiwa bado kazini, mwajiri akiwa bado yupo na ofisa utumishi anayejua jalada lake hajahamishwa.