Ukienda Forodhani Kutazama Resi za Ngalawa

Ndugu msomaji, pengine safari itakufikisha Unguja mwezi wa Juni au Julai, labda kwa arusi, labda kumjulia hali ndugu yako. Meli ya kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na kabla hujafika utaiona minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu ikichomoza juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Kanisa hilo lilijengwa kati ya mwaka 1893 na 1898. Basi, ukiwa mjini ukasikia watu wanasema kuna resi za ngalawa, ahirisha shughuli zako uende Forodhani. Tangu mwaka 1998, lilipofanyika kwa mara ya kwanza tamasha la filamu na la nchi za jahazi liitwalo ZIFF, mashindano hayo yamepata kuwa moja ya mambo yake, na pwani ya Unguja hayakuwa mageni hata kabla ya hapo.

Wewe uliyelelewa bara, usidhani ngalawa ni mtumbwi wowote. Huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, urefu wa mita 5 au 6, nayo ni nyembamba hata mtu hukaa humo magoti yakigusana na ubao. Kwa wembamba huo ingepinduka mara moja. Kwa hiyo kila upande hufungiwa miti inayotoka nje na kushika mbao mbili ndefu zinazogusa maji. Hizo ndizo mirengu. Juu yake kuna mlingoti mfupi, foromali ndefu, na tanga la pembe tatu.

Watu wengi huenda kutazama, wakarudi wasione kitu. Wameona matanga meupe, wamepiga picha, wamekula mishikaki na kunywa maji ya miwa, basi. Walikuwa wanatafuta nani yuko mbele. Hilo ndilo jambo la mwisho la kutafuta.

Katika nchi za theluji, kama Norwe, kuna mchezo ulioingia katika Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1960. Watu hushindana kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba za miguuni, bunduki mgongoni. Huenda mbio mpaka pumzi iwapae, kisha sharti wasimame, au walale kifudifudi, wapige shabaha 5 zilizo umbali wa mita 50. Katika mashindano yake mengi, kila risasi inayokosa humgharimu mtu mzunguko wa adhabu wa mita 150. Kwa sababu hiyo watazamaji hujazana penye shabaha: hapo mwenye miguu huachwa nyuma na mwenye utulivu.

Forodhani hakuna theluji wala bunduki, lakini pako pahali pa namna hiyo. Ni penye boya la kugeukia.

Mwezi wa Julai ni wakati wa kusi. Ngalawa zikienda na upepo, kazi ni ndogo: tanga limejaa, nahodha ameshika usukani, na hata asiye hodari huonekana hodari. Lakini njia yoyote ya mashindano ina kwenda na kurudi. Zikifika kwenye boya sharti zigeuke, na upepo uliokuwa rafiki sasa unawapiga usoni. Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kuukabili upepo uso kwa uso. Itawapasa kupiga bisha, yaani kwenda upogo, mara kulia, mara kushoto. Hapo mgeni hucheka: “Mbona yule anakwenda zake baharini, amekata tamaa?” Kumbe huyo ndiye aliyeona upepo mzuri uko wapi, na baada ya robo saa atawapita wenzake waliong'ang'ania njia fupi.

Mwoneshe mtoto wako kila wanapokisi tanga. Foromali husimamishwa wima, tanga hupepea ovyo kama nguo kwenye kamba, mtu mmoja huliburuta mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, na wakati huohuo wenzake hukimbilia mrengu wa upande utokako upepo, wakakaa juu ya mti ulio nje, miguu majini, wawe uzito. Mwingine, ambaye hakuna ampigiaye makofi, hafanyi lolote ila kufua maji kwa kata tangu mwanzo hata mwisho. Mmoja akichelewa kwa hesabu ya pumzi tatu, ngalawa husimama, au hulala ubavu na tanga likanywa maji.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, ambalo wewe mkulima utalielewa upesi kuliko watalii. Ngalawa hii si ya mchezo tu. Ni jembe la nyumba fulani. Tanga likichanika au foromali ikivunjika, mshindi atapewa zawadi yake, lakini mwenye kuvunjikiwa atakaa siku kadhaa bila samaki, na watoto wake wanakula kila siku. Kuchonga nyingine si rahisi, kwa maana miembe minene imekuwa adimu. Kwa hiyo nahodha, upepo unapozidi, hupima: nishike tanga lote nishinde, au nililegeze nirudi na chombo changu? Vijana waliokaa ukutani humzomea anayelegeza. Mimi simzomei.

Chagua basi mahali pako mapema, ukutani kuelekea bahari, mgongo ukiuelekeza Ngome Kongwe. Watoto wadogo washike mkono, kwa kuwa wavulana wa mjini huruka majini kutoka ukutani hapo kwa mbio na vishindo, na mwanao atatamani kuwaiga. Vaa kofia. Vaa pia kwa adabu, maana u mgeni wa Waislamu.

Wala usiondoke ngalawa ya kwanza ikifika. Ngoja ya mwisho. Mara nyingi ndiyo iliyopata mkasa penye boya, na wanaume wake watakuwa wameloa, wanabishana njia nzima ni nani aliyechelewa kuhama mrengu. Wakifika majini pa kina cha magoti watashuka, watalikunja tanga, nahodha atalipitisha vidole pindo lote akitafuta palipochanika.