Turbo Chini ya Mlima Kenya

Ukitafuta gari dogo la mbio Nyeri, Karatina au Nanyuki, mazungumzo hayachukui muda kufika kwa mawili: Subaru Impreza yenye turbo, ile ya mlango wa nyuma, na Volkswagen Golf GTI. Swali linalomwendea fundi ni lile lile: programu ya kompyuta ya injini ikibadilishwa, litatoa nguvu za farasi ngapi? Kabla ya hilo, mwenye gari angeuliza injini yake imebakiwa na akiba kiasi gani, maana sehemu ya akiba hiyo imeshaliwa na mwinuko wa huku kwetu.

Injini huchoma petroli kulingana na hewa inayopata. Mombasa, msongo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Mjini Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hushuka hadi karibu 82, na Nyahururu hadi 76 hivi. Vitz au Demio isiyo na turbo hulionyesha pengo hilo waziwazi: mlima ukianza, gari linachoka. Gari la turbo hulificha. Kompyuta yake huiamuru turbo izunguke kasi zaidi hadi pengo lizibike, na dereva huamini kwamba mwinuko haumhusu.

Unamhusu, tena sana. Tuseme injini inadai hewa ya kilopaskali 200. Mombasa, turbo itaikandamiza mara mbili tu. Nyeri, karibu mara mbili na nusu. Hewa inayokandamizwa hupata joto. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hesabu inaonyesha kwamba hewa iliyoingia na nyuzi 30 Mombasa hutoka na nyuzi 125 hivi, ilhali ile ya Nyeri, hata ikiingia na nyuzi 18, hutoka ikikaribia 140. Baridi ya mlima haikuokoi. Programu ya steji ya kwanza, yaani ile inayobadilisha kompyuta bila kubadilisha vifaa vya injini, huja kuongeza msongo juu ya hali hiyo.

Joto hilo likizidi, mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Huko ndiko kugonga, na kwenye Subaru za injini ya EJ kinachoumia mapema ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Petroli nayo ina neno lake. Impreza S-GT ya Japani, yenye farasi 250, ilipangwa kwa petroli bora ya kwao, ambayo oktani yake kwa kawaida hufika 100 hivi. Super ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ya kiwandani hujitahidi kujirekebisha. Programu iliyopakuliwa tu kutoka nchi nyingine inaweza kuwa imeondoa hata tahadhari hiyo.

Golf ina udhaifu wa aina nyingine. GTI ya kizazi cha tano ilitoka kiwandani na farasi 200 na nguvu ya mzunguko ya newton-mita 280. Steji ya kwanza huisogeza nguvu hiyo hadi karibu 350, na hicho ndicho kikomo ambacho giaboksi yake ya DSG ya gia sita iliundwa kubeba. Anayesogea hapo asicheze na oili ya giaboksi, inayotakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Pia afungue na kukagua kikombe kidogo kinachokaa kati ya kemshafti na pampu ya petroli ya msongo mkubwa. Kikishatoboka, kemshafti huanza kuliwa.

Kuhusu karatasi ya mashine ya kupimia nguvu, isome kwa jicho kali. Mashine nyingi husahihisha matokeo ili yalingane na hali ya usawa wa bahari, na huku kwetu hilo ni sawa na kuzidisha kwa 1.2 hivi. Kwa injini isiyo na turbo, hesabu hiyo ni halali. Kwa yenye turbo, ambayo imeshajifidia yenyewe, mwinuko unahesabiwa mara mbili: gari la farasi 220 linaandikiwa 264. Omba namba ambayo haijasahihishwa. Kisha mwambie fundi arekodi joto la hewa, msongo na dalili za kugonga gari likipanda kutoka Sagana hadi Marua, kwa sababu mlima mrefu hukusanya joto ambalo dakika chache za karakana haziwezi kulionyesha.

Usidharau maji. Nyeri maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kofia ya radieta iliyolegea ina madhara makubwa huku kuliko Mombasa. Kujaza maji ya mfereji badala ya kulanti na kung'oa thamostati ni tabia zinazozeesha injini.

Kwamba kulitunza gari kunashinda kasi, Safari Rally ya mwaka 1993 ilitoa mfano mzuri. Subaru ilileta Vivio, kigari cha sentimita za ujazo 658 ambacho toleo lake la dukani lilikuwa na farasi 64 tu. Dereva wao Colin McRae alikikimbiza kwa kasi ya kushangaza, lakini hakufika mwisho. Patrick Njiru wa Kenya, akiendesha Vivio pia, alimaliza wa 12 kwa jumla na kushinda daraja lake. Magari yalikuwa ya aina moja. Aliyefika ni yule aliyeyahesabu mashimo.

Kwa hiyo pesa zina mpangilio wake. Anza na huduma kamili: oili, plagi, mipira ya hewa isiyovuja. Fuata breki na matairi, kwani mteremko wa kurudi Sagana huchemsha mafuta ya breki yaliyozeeka. Kisha upoezaji, hasa intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ambayo kwenye Impreza hukaa juu ya injini na kunyonya joto lake. Programu iwe ya mwisho, na iandikwe gari likiwa hapa hapa, kwa petroli ya hapa. Ukishaiweka, iarifu kampuni ya bima. Bajeti ikiishia kwenye breki, simama hapo. GTI ya farasi 200 iliyo nzima itaipita ya 260 inayovutwa kwa kamba kwenda karakana.