Anaposema Hakumbuki, Tusimwite Mwongo

Usiku wa tarehe 3 Disemba 1926, huko Uingereza, mwandishi wa riwaya Agatha Christie alitoka nyumbani akamwacha binti yake wa miaka 7. Gari lake lilikutwa limetelekezwa. Siku 11 baadaye alipatikana katika hoteli moja mjini Harrogate, mzima, akiwa amejiandikisha kwa jina jingine. Na ukoo aliojinasibisha nao ulikuwa wa mwanamke aliyependwa na mumewe. Mwaka ule ule alikuwa amefiwa na mamake, na mume amemwambia kwamba ataka waachane. Madaktari walisema amepoteza kumbukumbu. Wengi wakasema anajifanya, na ubishi huo haujesha hadi leo.

Sisi hatumo katika ubishi wao. Kilichotushughulisha ni neno hilo "anajifanya", kwani husemwa majumbani mwetu pia pale mwanamke aliyefiwa, aliyepigwa au aliyeachwa asemapo kwamba hakumbuki. Asipoitwa mwongo, huambiwa ana jini.

Maradhi haya yapo, nayo ni amnesia inayotokana na nafsi kujitenga na machungu yaliyoishinda. Si kule kutia chumvi mchuzini mara mbili, au kutafuta ufunguo ulio mkononi. Mgonjwa hukosa kipande kizima cha maisha yake: siku ya ajali, mwezi wa msiba, pengine miaka ya ndoa yenye mateso. Na aghalabu bado ajua kupika, kusoma na kuhesabu fedha. Wachache husahau hata majina yao, wakajikuta katika mji wasioujua. La kustaajabisha ni kwamba baadhi yao hawaonyeshi wasiwasi wowote, na utulivu huo ndio unaowatia jamaa shaka.

Hospitali iwe mwanzo, kwa sababu kuumia kichwa, kifafa, kiharusi na sukari kushuka huweza kuleta hali inayofanana na hii. Vipimo visipoonyesha kitu, aonane na daktari wa maradhi ya akili. Hakuna kidonge cha kurudisha kumbukumbu. Tiba kubwa ni mazungumzo ya taratibu mahali penye amani. Aliyepigwa akirudishwa kwa yule yule aliyempiga, hatuoni atapona vipi. Dua na ruqya hazigombani na hospitali, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa. Kinachotusikitisha ni mgonjwa kufungwa na kuchapwa, eti jini liseme.

Wala asishurutishwe kukumbuka. Kumbukumbu huweza kurudi kidogo kidogo au kwa ghafla, na irudipo huja na uchungu wake wote. Wako ambao hapo ndipo hutamani kujitoa roho. Siku hizo asiachwe peke yake. Mama, dada au wifi anayemwamini alale naye chumba kimoja, na daktari aarifiwe siku hiyo hiyo, bila kungoja kupambazuke.